Wifi Yangu Hakunifukuza

Wifi yangu, mama Rehema,

Simu yako haipatikani tangu ulipobadilisha laini, na hata ingepatikana nadhani ningekata kabla hujapokea. Unanijua. Nina mdomo kwa mambo madogo, yakija makubwa nageuka bubu. Kwa hiyo naandika, na naandika wazi, asome anayetaka kusoma, kwa sababu na wewe ulisemwa wazi. Ulisemwa sokoni, ulisemwa bombani, ukasemwa kwenye kikao cha ukoo mimi nikiwa pale pale nimeshika birika la chai.

Nianze mbali kidogo, maana wengine hawatujui.

Kaka yangu alipokuoa nilikuwa bado chuo cha ualimu. Nikaja likizo pale Makanyagio, Mpanda, nikiwa nimejiandaa kwa vita, kama wifi yeyote aliyelelewa vizuri. Ulinipokea begi mlangoni, ukanitazama juu mpaka chini, ukasema, "Kumbe ndiye huyu? Walivyokusema nilidhani una pembe." Nikakasirika hadi nikacheka. Toka siku hiyo ukawa unaniita Mwalimu, hata kabla sijamaliza masomo, na nilipenda kuitwa hivyo. Nilitembea na jina lile kama mtu mwenye kitambulisho mfukoni.

Nikamaliza. Nikarudi Mpanda na cheti, nikakaa kwenu kusubiri ajira. Miezi michache tu, tulisema. Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu, nisiwe muongo. Tangazo likitoka nilikuwa wa kwanza kufika stationari, nikatoa nakala, nikaingiza maombi kwenye mfumo, nikarudi nikiimba. Mwaka wa pili nikaenda usaili Dodoma, nikalala kwenye treni nimekumbatia bahasha. Majina yakatoka, jina langu halimo. Mwaka wa tatu nilikuwa nafungua orodha ya majina nikianzia mwisho, nikidhani labda bahati inapita mlango wa nyuma. Mwaka wa tano nikaacha kufungua. Nilikuwa namwomba kijana wa stationari aniangalizie, na yeye akawa ananijibu kabla sijauliza, "Bado, dada."

Watu hawajui neno "umepata?" linavyouma. Hawana ubaya, ni salamu tu. Lakini unasalimiwa hivyo bombani, msibani, dukani kwa mangi unaponunua chumvi. Nikaacha kwenda harusini kwa sababu mama yangu alikuwa ananitambulisha, "Huyu ni mwalimu," na mtu anauliza, "Wa shule gani?" Mama anaangalia pembeni. Nikaanza kula kidogo. Si kwamba sikuwa na njaa. Kila kijiko nilichopeleka mdomoni niliona ni cha Rehema na wadogo zake. Na wewe, ambaye ungekuwa na haki ya kuhesabu vijiko, ndiye uliyekuwa unaniongezea.

Kisha yakaja yale mawazo. Sitayaeleza sana hapa. Hayakuja kwa kelele. Yalikuja kwa upole, kama mtu anayekushauri: ukiondoka, nyumba itapumua. Kaka atapunguza mzigo. Mama hataangalia tena pembeni. Nilikuwa nimeyaamini kabisa, wifi. Mtu aliyesoma saikolojia ya mtoto mihula miwili akaamini kwamba watu wanaompenda watakuwa na nafuu akifa. Sasa hivi nikifikiria nataka kujizaba kofi, halafu nataka kujikumbatia.

Nikaanza kuaga.

Wasomaji wa kwetu wanajua desturi. Mtu akipata kazi mkoa wa mbali hupita nyumba kwa nyumba, anaomba radhi, "Kama niliwahi kukukosea nisamehe," na vitu asivyovihitaji anawagawia wadogo zake na majirani. Mimi nikafanya hivyo hivyo. Vitabu vyangu vya kufundishia nikampa Zuhura, binti wa jirani. Kanga zangu mbili nzuri nikampa shangazi. Nikapita kwa huyu na yule, nisamehe, nisamehe. Na mtaa mzima ukashangilia! "Hongera! Umepangiwa wapi?" Nikasema, "Mbali." Shangazi akainua mikono akamshukuru Mungu kwa sauti. Mama yangu, mtaa wa pili, akachinja jogoo. Nilikula paja la jogoo yule huku mama ananitazama kwa fahari. Watu wote walionipenda walikuwa wananiaga na kunipongeza kwa jambo ambalo lingewavunja.

Wewe hukunipongeza. Nakumbuka ilikuwa mchana, umekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko na ungo mapajani, unachambua mawe kwenye mchele. Ukauliza bila kuinua uso, "Begi lako umempa Zuhura?"

Nikasema ndiyo.

"Lile kubwa?"

"Ndiyo, wifi. Nitanunua jingine."

"Mh." Ukatoa jiwe, ukalitupa. "Mtu anayekwenda kazini anagawa kanga, anagawa sufuria, hata godoro. Begi hagawi. Atabebea nini?" Ndipo ukainua uso. "Mwalimu, unataka kujiua?"

Hivyo hivyo, kwa sauti ile ile uliyoulizia begi. Hakuna aliyewahi kulitamka neno lile mbele yangu. Nilijibu kwa ukali, "Astaghfirullah! Wewe wifi una wazimu? Hapana!" Nikakuapia. Nilikudanganya, na ulijua nimekudanganya, na hukubishana na mimi hata kidogo. Hukuniambia ni dhambi. Hukuniambia wangapi hawana hata cheti. Uliweka ungo chini, ukafuta mikono, ukasema, "Sawa. Funga kanga vizuri, tunakwenda kwetu Kasekese. Ndege wanamaliza mpunga wa baba."

"Lini?"

"Gari la saa nane."

Kaka alikuwa safarini. Ulimpigia simu dada yako aje kukaa na watoto, ukafunga genge lako la nyanya na dagaa msimu wa watu kununua, tukaondoka. Kwa mama yangu ulipita mlangoni tu, ukamwambia, "Nampeleka huyu akalinde ndege, amekaa bure mno." Nilimwona mama anavyobadilika sura. Mtoto wake aliyemchinjia jogoo juzi, leo anapelekwa kufukuza ndege kama mtoto wa darasa la pili. Na wewe hukugeuka kueleza.

Mimi mwenyewe ndani ya gari nilijua nimefukuzwa. Nilijiambia, unaona? Hata yeye amechoka.

Sasa niwaeleze wasiolima mpunga. Mpunga ukianza kujaza punje, ndege wanashuka kwa makundi, na kundi moja likikaa asubuhi mnaweza kuvuna nyasi. Kwa hiyo kila shamba lina dungu, jukwaa la miti lenye paa la majani, na mtu anakaa juu yake toka alfajiri mpaka jua lizame. Ana kombeo, ana kamba ndefu zilizofungwa makopo. Lakini silaha kubwa ni sauti. Pale bondeni kwa kina baba yako, mlinzi wa dungu la kwanza akipiga ukelele, wa pili lazima aitikie, wa tatu aitikie, mpaka mwisho wa bonde, ili ndege wanaotoka kwa huyu wasitue kwa yule. Dungu lisipoitikia mara mbili, mtu anashuka kwenda kuangalia. Huenda mlinzi kalala. Huenda kaumwa na nyoka. Hiyo ni sheria ya bonde, haina mkubwa wala mdogo.

Uliniweka dungu la katikati. Upande wa kulia ulikaa wewe, kushoto mama yako. Nilichukua siku mbili kuelewa ulichofanya na miaka minne kukisema. Ulitafuta mahali pa mimi kukaa ambapo kila dakika chache, kutwa nzima, kuna mtu ananiita na lazima nimjibu. Hukuwa na daktari mkononi, hukuwa na kitabu, shule yako iliishia darasa la saba. Nani alikufundisha hivyo, wifi?

Siku ya kwanza nilikuwa naitikia kwa hasira. "Hooooi!" Sauti inatoka kama ya mbuzi mgonjwa. Mama yako akacheka mpaka akashika mti. "Huyo mwalimu au kifaranga?" alikuuliza kwa Kibende, nawe ukanitafsiria kwa kupaza sauti ili bonde zima lisikie. Jioni nilikuwa sina sauti kabisa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilikula sahani nzima, ugali na kisamvu, bila kuhesabu kijiko cha mtu. Nilikuwa nimefanya kazi. Mpunga ulikuwepo kwa sababu mimi nilikuwepo. Jambo dogo, lakini nililishika.

Siku ya tatu nikaanguka. Asubuhi niliamka vizuri, kisha kama saa nne mawazo yale yakarudi na upole wao wote, na nikakaa chini kwenye dungu nikaziba masikio. Ukapiga ukelele, sikuitikia. Ukapiga tena. Kisha nikasikia maji yanavurugika, nikainuka kutazama, wewe huyo unakuja mbio katikati ya majaruba, kitenge umekikunja kiunoni, kandambili moja imebaki kwenye tope, unakanyaga mpunga wa baba yako ambao hukuruhusu hata mbwa aukanyage. Ulipanda dungu unahema. Sikungoja uulize. Nikasema, "Ndiyo, wifi. Ndiyo. Nilitaka. Bado nataka."

Ukakaa karibu nami, ukakiweka kichwa changu begani kwako, nikalia kilio kile cha kutoka tumboni ambacho mtu hachagui sauti yake. Na mwanamke wewe! Ndege wakashuka. Ulinishika kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine ukavuta kamba ya makopo, ukapiga ukelele sikioni mwangu hadi likaziba. Kisha ukasema, "Lia, Mwalimu, lia. Ila tupeane zamu, hawa hawana huruma, wanakula." Nikacheka na makamasi yangu. Nilicheka, wifi, dakika moja baada ya kukuambia nataka kufa. Ndipo nilipojua kwamba yale mawazo hayakuwa mimi mzima.

Kesho yake ulimwachia mama yako madungu mawili, tukaenda zahanati. Ulimwambia nesi kila kitu bila kuzunguka, mimi nimeinamisha kichwa. Yule mama hakushangaa. Alisema mimi si wa kwanza, anawaona wengi, vijana waliosoma na wasiosoma, wanaume waliopunguzwa kazini, na kwamba kukaa bila kazi muda mrefu kunaleta ugonjwa kama magonjwa mengine, nao unatibika. Akatuandikia barua ya kwenda hospitali mjini kuonana na mtu wa ushauri. Ulinipeleka. Ulinipeleka kila alipotuita, mara sita, na mara zote ulikaa kwenye benchi la nje unashona vitambaa vyako, kana kwamba umesindikiza mtu kliniki ya meno.

Njiani tukirudi siku ile ya kwanza ulisema maneno ambayo nataka yaandikwe. Ulisema, "Hili ni lako. Mimi sitalisema kwa mume wangu wala kwa mama yako. Utalisema wewe, siku ukiweza." Nikakuahidi nitasema. Nilikuahidi nikiwa nimekushika mkono.

Sikusema.

Tulivuna, nikarudi mjini mweusi kama chungu, sauti imekwaruza, nikiwa hai. Na mji ulikuwa umeshahukumu. Wifi amemfukuza mtoto wa watu. Kampeleka porini kulinda ndege akiwa na cheti chake. Ile kazi ya mbali kumbe wifi ndiye aliyemroga isitimie! Mama alipokutana na wewe sokoni hakuitikia shikamoo yako, na alisema nikisikia, "Kikulacho ki nguoni mwako." Ungeweza kummaliza kwa sentensi moja. Ulisema tu, "Haya mama, siku njema," ukaendelea kupanga nyanya zako. Nilikuuliza jioni kwa nini unavumilia. Ukajibu, "Mimi nimesemwa, sijaumwa. Wewe pona kwanza." Nikaendelea kupona, na nikaendelea kunyamaza, kwa sababu kupona kulikuwa kutamu na ukweli ulikuwa na aibu.

Mwaka jana ndoa yenu na kaka ikafika mwisho. Hayo ni yenu, siyachambui hapa, na kaka yangu ni ndugu yangu. Lakini kwenye kikao shangazi alisimama akahesabu makosa yako, na la kwanza kabisa likawa mimi. "Alimfukuza hata huyu binti yetu aliyekuwa hana kazi, akamtupa Kasekese." Kanga yangu ilikuwa mabegani kwake. Nilikuwa nimeshika birika, namimina chai. Ulinitazama. Ni mara moja tu, na hukunitazama kwa kunidai, ulinitazama kama ulivyonitazama dunguni, kuona kama nipo salama. Nikaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika kwenye mkeka. Watu wakasema nimeumia kukumbuka mateso. Ukarudi kwenu Kasekese na aibu ambayo ilikuwa yangu.

Wifi, nakusifu mbele za watu kwa sababu nimejaribu kuona ningeweza kufanya ulichofanya, nikaona siwezi. Kuokoa mtu, labda. Kumwokoa halafu uitwe mchawi, na kila asubuhi uamke ukae kimya ili yeye asivuliwe nguo hadharani, hapana. Mimi ningesema ifikapo Ijumaa. Tunafundishwa kwamba mawifi ni chui na mbuzi, na pengine ni kweli kwa nyumba nyingi. Mimi Mungu alinipa ndugu kupitia ndoa ya kaka yangu, na nilimwacha atolewe nje kama mgeni mbaya.

Utauliza kama nimepata ajira. Bado. Nicheke tu. Nafundisha watoto wa mtaa jioni hapa hapa Makanyagio, wazazi wanachangia wanachoweza, na asubuhi najitolea shuleni. Orodha ya majina ikitoka naiangalia mara moja, kisha naenda kuchota maji. Siku mbaya zipo. Zikija, sizibi masikio. Namtafuta mtu namwambia, hata kama ni kwa sauti ya mbuzi mgonjwa. Na kama kuna anayesoma hapa ambaye ameanza kugawa vitu vyake na mtaa unampongeza, namwomba amwambie mtu mmoja tu leo, kisha aende hospitali. Haya mambo yanatibika. Mimi ni ushahidi, nina mdomo na nina deni la kuutumia.

Jumapili iliyopita nilimsomea mama barua hii kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye jogoo akaweka mkono kifuani. Nilipofika kwenye kandambili iliyobaki topeni akasema, "Acha kwanza." Kisha hakuniuliza chochote kuhusu mimi. Aliuliza, "Nilimnyima shikamoo yake mara ngapi?" Nikasema, "Mama, sikuhesabu." Akaanza kulia, mama yangu yule ambaye hata baba alipofariki alilia kwa siri. Toka Jumapili halali vizuri. Jana ameenda kwa shangazi, sijui walisemezana nini, ila amerudi na shangazi nyuma yake.

Kwa hiyo jiandae. Jumamosi tunapanda gari la Kasekese, mama, shangazi na mimi. Mama anasema radhi haiombwi kwa simu wala kwa barua, inaombwa mtu akiwa amekaa chini, na anataka kukaa chini mbele yako na mbele ya mama yako. Hatuji kukurudisha kwa kaka, uwe na amani. Amekuacha yeye, mimi sijakuacha. Una haki ya kutufungia mlango, na ukifunga sitakulaumu, tutakaa hapo nje mpaka gari la kurudi. Ila mama miguu inamsumbua siku hizi. Tupe maji kwanza, wifi, halafu utugombeze.

Ni mimi, wifi yako, niliye hai.